Yuri (manga)

Yuri (kwa Kijapani: 百合, maana yake "yungiyungi") ni aina ya hadithi za Kijapani zinazosimulia mapenzi kati ya wanawake au wasichana. Hupatikana hasa katika manga, yaani hadithi za picha zinazochapishwa kwa mfululizo katika majarida na baadaye kukusanywa katika vitabu, lakini pia katika riwaya, filamu za katuni (anime) na michezo ya video. Huitwa pia GL, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mapenzi ya wasichana".

Mizizi ya hadithi hizi iko katika shule za wasichana za mwanzo wa karne ya 20. Tangu wakati huo kilichobadilika zaidi si jinsi mapenzi yanavyoanza bali jinsi yanavyoisha. Kwa miaka mingi wasichana wawili waliopendana walitenganishwa kwenye kurasa za mwisho na mahafali, ndoa au kifo. Hadithi ambamo wawili hao wanavuka lango la shule wakiwa pamoja na kuendelea na maisha zimekuwa za kawaida katika miongo michache ya karibuni tu.

Jina

Yungiyungi limekuwa ishara ya usafi na uzuri wa mwanamke katika fasihi ya Japani tangu zamani, na Yuri ni jina la kike la kawaida hadi leo. (Lisichanganywe na jina la kiume la Kirusi, kama la mwanaanga Yuri Gagarin.) Neno hili lilihusishwa na mapenzi ya wanawake mwaka 1976. Mwaka huo Bungaku Itō, mhariri wa Barazoku ("Kabila la Waridi"), jarida la wanaume wanaopenda wanaume lililoanzishwa mwaka 1971, alifungua ukurasa wa barua za wasomaji wanawake na kuuita Yurizoku no heya, yaani "Chumba cha Kabila la Yungiyungi". Si wote walioandika barua hizo waliokuwa wanawake wanaopenda wanawake, lakini jina lilishika.

Katika miaka ya 1980 neno hilo lilitumiwa sana katika kazi za ngono zilizolenga wanaume, na likapata sifa mbaya. Baadaye wachoraji na wasomaji wanawake walilirudisha mikononi mwao, na tangu majarida ya miaka ya 2000 limekuwa jina rasmi la aina hii ya hadithi.

Asili: shule za wasichana

Mwaka 1899 serikali ya Japani ilitoa amri kwamba kila mkoa uwe na angalau shule moja ya juu ya wasichana. Shule ziliongezeka haraka, nyingine za serikali, nyingine za wamisionari. Kwa mara ya kwanza wasichana wengi wa familia zenye uwezo walipata miaka kadhaa kati ya utoto na ndoa ambayo waliishi wao kwa wao, wakisoma, wakiandika na kulala bwenini, mbali na wavulana.

Humo ulizuka uhusiano ulioitwa "esu", yaani herufi S, inayoanza neno la Kiingereza lenye maana ya dada. Mwanafunzi wa darasa la juu na wa darasa la chini walichaguana. Waliandikiana barua, walipeana zawadi ndogondogo, na yule mdogo alimwita mwenzake "dada" kwa lugha ya heshima. Ulikuwa uhusiano wa watu wawili tu, kwa hiyo wivu na machozi havikukosekana. Yeyote aliyewahi kusoma au kufundisha katika shule ya bweni hatashangaa sana.

Jamii iliuvumilia uhusiano huo kwa sharti ambalo halikuandikwa popote: uishe msichana anapohitimu. Baada ya hapo aliolewa, mara nyingi na mwanamume aliyechaguliwa na wazazi. Wapo walioshindwa kutimiza sharti hilo. Mwaka 1911 wasichana wawili waliohitimu shule walijiua pamoja kwa kujitupa baharini katika mkoa wa Niigata. Tukio hilo lilifanya magazeti na wataalamu wa elimu waanze kubishana ni urafiki upi wa wasichana ulio salama na upi wa hatari.

Nobuko Yoshiya

Mwandishi aliyeupa ulimwengu huo lugha yake ni Nobuko Yoshiya (1896–1973). Mwaka 1916 alianza kuchapisha katika jarida la wasichana mfululizo wa hadithi fupi uitwao Hana monogatari ("Hadithi za Maua"). Hadithi hizo zilifika 52, kila moja ikiwa na jina la ua. Nyingi husimulia msichana anayempenda mwenzake au mwalimu wake, kisha akampoteza. Maua yaliyozunguka picha za wahusika, sentensi zinazokatika katikati kwa hisia, barua zisizofika: mengi kati ya mambo hayo yalirithiwa na manga za wasichana za baadaye.

Hata hivyo Yoshiya mwenyewe hakukubali kwamba lazima mwisho uwe machozi. Riwaya yake Yaneura no nishojo ("Mabikira Wawili wa Darini"), iliyotolewa mwaka 1920, inahusu wasichana wawili wanaokaa katika chumba cha juu kabisa cha bweni, na inamalizika kwa wao kuondoka pamoja kwenda kutafuta maisha yao. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya mwisho wa namna hiyo kuzoeleka katika hadithi za picha.

Maisha yake yanaeleweka vizuri yakiwekwa kando ya riwaya hiyo. Mwaka 1923 alikutana na Chiyo Monma, mwalimu wa hisabati katika shule ya wasichana ya Tokyo, na wawili hao waliishi pamoja hadi kifo cha Yoshiya, kipindi cha takriban miaka 50. Kwa kuwa sheria haikuwapa njia ya kuoana, mwaka 1957 Yoshiya alimwasili Monma kama mwanawe, jambo ambalo sheria ya Japani inaruhusu kati ya watu wazima. Hivyo Monma akawa na haki ya kisheria ya kumrithi. Nyumba yao ya Kamakura sasa ni makumbusho.

Manga za kwanza

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia shule za Japani zilianza kuchanganya wavulana na wasichana, na hadithi za "esu" zikapungua. Zilirudi kwa sura mpya katika miaka ya 1970, wakati wachoraji wanawake walipoanza kutawala manga za wasichana.

Kazi inayotajwa mara nyingi kuwa manga ya kwanza ya yuri ni Shiroi heya no futari ("Wawili katika Chumba Cheupe") ya Ryōko Yamagishi, ya mwaka 1971. Inatokea katika shule ya bweni nchini Ufaransa. Resine, yatima mpole, anawekwa chumba kimoja na Simone, msichana mkaidi. Wanaanza kwa kugombana na kuishia kupendana. Uvumi unapoenea shuleni, Resine anaogopa na kukimbia. Baadaye anapata habari kwamba Simone ameuawa, na anaamua kutompenda tena mtu yeyote maishani.

Umbo hilo lilirudiwa mara nyingi: mmoja mwenye nguvu na mmoja dhaifu, shule ya kitajiri, uvumi, kisha kifo. Katika Oniisama e ("Kwa Kaka Mpendwa") ya Riyoko Ikeda, iliyoanza mwaka 1974, mwanafunzi mrefu anayependwa na shule nzima anakufa kabla hadithi haijaisha. Inafaa kukumbuka kwamba kifo hakikuwa adhabu tu. Kilimwezesha mchoraji kusema kwamba mapenzi hayo yalikuwa ya kweli na mazito bila kulazimika kueleza wahusika wangeishi vipi baada ya hapo, jambo ambalo wasomaji wengi wa wakati ule hawakuwa wameona mfano wake. Hata hivyo, msichana aliyejitambua katika hadithi hizo alifunga kitabu akiwa amefundishwa kwamba hakuna kesho kwa mtu kama yeye.

Miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000

Katika Sailor Moon ya Naoko Takeuchi (1991–1997), moja ya manga zilizopendwa zaidi na wasichana wa kizazi chake, kuna wapiganaji wawili, Haruka na Michiru, wanaoishi kama wapenzi. Hawafi kwa ajili ya mapenzi yao, wala hawaombi radhi. Filamu zake za katuni zilipotafsiriwa kwa Kiingereza nchini Marekani, wawili hao waligeuzwa kuwa binamu. Watazamaji wengi waliona jinsi binamu hao walivyotazamana na hawakudanganyika.

Mwaka 1998 Oyuki Konno alianza mfululizo wa riwaya Maria-sama ga miteru ("Bikira Maria Anatazama"), uliofanywa anime mwaka 2004. Unatokea katika shule ya Kikatoliki ya Tokyo ambako mwanafunzi mkubwa humpa mdogo rozari na kumfanya "dada" yake. Ni "esu" ya Yoshiya iliyohamishiwa zama mpya, kwa upole na ucheshi, na mara nyingi haisemi wazi kama ni urafiki au mapenzi. Pale inaposema wazi zaidi, katika kisa cha Sei na Shiori, wawili hao wanatengana kwa sababu Shiori anataka kuwa mtawa. Mafanikio ya mfululizo huo yaliwaonyesha wachapishaji kwamba wasomaji wapo.

Jarida la kwanza lililojitolea kabisa kwa aina hii, Yuri Shimai ("Dada wa Yungiyungi"), lilianza mwaka 2003 na kufa baada ya matoleo matano. Wengi wa wachoraji wake walihamia Comic Yuri Hime, lililoanzishwa na kampuni ya Ichijinsha mwaka 2005. Hilo lilianza kutoka mara nne kwa mwaka, na tangu mwaka 2017 hutoka kila mwezi. Kuwa na jarida kulileta badiliko la kiufundi ambalo ni rahisi kulipuuza. Mchoraji aliyekuwa akipewa kurasa chache za hadithi moja alilazimika kufunga mambo haraka, na kifo au kuachana hufunga haraka. Aliyepewa mfululizo wa miaka kadhaa alihitaji wapenzi wanaoendelea kuishi.

Hivyo katika kipindi hicho zilitokea kazi ndefu zenye mwisho wa heri, kama Girl Friends ya Milk Morinaga (2006–2010). Aoi hana ("Ua la Buluu") ya Takako Shimura (2004–2013) ni ya aina yake. Fumi na Akira, marafiki wa utotoni, wanakutana tena wakiwa sekondari katika mji wa Kamakura. Fumi anajua kwamba anapenda wasichana na anamwambia rafiki yake hivyo, huku Akira akichukua muda mrefu kuelewa moyo wake mwenyewe. Hadithi inawafuata hadi utu uzima, na njia yao hainyooki.

Yagate kimi ni naru

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi mabadiliko ya aina hii ni Yagate kimi ni naru (maana yake takriban "Hatimaye Kuwa Wewe") ya Nio Nakatani, iliyochapishwa katika jarida la Dengeki Daioh kuanzia mwaka 2015 hadi 2019 na kukusanywa katika juzuu 8. Anime yake ya vipindi 13 ilirushwa mwaka 2018.

Yū Koito ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu. Amesoma hadithi za mapenzi na kusikiliza nyimbo za mapenzi akingojea moyo wake upae kama ilivyoandikwa, lakini mvulana alipomtamkia kwamba anampenda hakusikia chochote. Anakutana na Tōko Nanami, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayegombea uenyekiti wa baraza la wanafunzi (cheo kinachofanana kidogo na kiranja mkuu, ila hupatikana kwa kura). Tōko amewakataa wote waliomtaka, na Yū anadhani amepata mwenzake. Kumbe Tōko anampenda Yū, na anampenda kwa sababu Yū hawezi kumpenda yeye. Anamwomba asije akabadilika.

Sababu ya ombi hilo la ajabu hufunuliwa polepole. Dada yake mkubwa, Mio, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza hilohilo, alikufa kwa ajali Tōko akiwa mtoto. Watu walimwambia ajitahidi kuwa kama dada yake, naye alitii kupita kiasi. Msichana anayesifiwa na shule nzima ni nakala. Anayempenda nakala hampendi yeye, na anayempenda yule aliye chini yake anampenda mtu ambaye Tōko mwenyewe anamchukia. Ndiyo maana anajisikia salama tu kwa mtu asiyependa. Shida ni kwamba Yū anaanza kupenda, na analazimika kulificha.

Fundo linafunguliwa kwa njia ya mchezo wa kuigiza. Baraza linaandaa mchezo kwa ajili ya tamasha la shule, kuhusu msichana aliyepoteza kumbukumbu ambaye kila anayemtembelea hospitalini anamweleza kuwa alikuwa mtu tofauti. Katika mswada wa kwanza msichana huyo anachagua kuwa yule aliyejulikana na mpenzi wake. Yū anamwendea mwandishi wa mchezo, mwanafunzi mwenzao, na kumwomba abadilishe mwisho: msichana asichague hata mmoja kati ya wale watu wa zamani, bali awe yule alivyo sasa. Tōko anaigiza nafasi hiyo mbele ya shule na kusema maneno ambayo asingeweza kuyasema kwa niaba yake mwenyewe. Ni nadra hadithi ya mapenzi kumpa mhusika kazi ya kuhariri mwisho wa hadithi nyingine, na Nakatani anaifanya bila makeke.

Jambo jingine linaloitofautisha kazi hii ni kuwepo kwa watu wazima. Mmoja wa walimu wa shule, Riko Hakozaki, anaishi na mwenye mkahawa ulio jirani, Miyako Kodama. Wanafunzi wengi hawajui. Sayaka Saeki, makamu mwenyekiti ambaye amempenda Tōko kimya kwa muda mrefu, anatambua na kwenda kuongea na Kodama mkahawani. Hapewi hotuba, ila kikombe cha kahawa na mtu mzima anayejibu maswali yake bila kushtuka. Hilo ndilo wasichana wa Yamagishi hawakuwa nalo. Sayaka mwenyewe anakataliwa na Tōko, lakini hakufa wala kuolewa kwa huzuni. Mwandishi Hitoma Iruma alimtungia riwaya tatu (2018–2020), na katika ya mwisho anampata mtu mwingine chuo kikuu. Sura ya mwisho ya manga nayo inawakuta Yū na Tōko miaka michache baada ya shule, wakiwa chuo kikuu na wakiwa bado pamoja.

Wasomaji na ukosoaji

Tofauti na wanavyodhani wengi, yuri haisomwi na kundi moja. Mwaka 2008 Ichijinsha ilichunguza wasomaji wake na kukuta kwamba asilimia 73 ya wasomaji wa Comic Yuri Hime walikuwa wanawake, ilhali jarida lake dada, Comic Yuri Hime S, lilikuwa na wanaume asilimia 62. Wachoraji ni wanawake na wanaume, ingawa kazi nyingi zilizotajwa hapa ni za wanawake. Nje ya Japani mtu aliyefanya mengi kuitangaza ni Mmarekani Erica Friedman, aliyeanzisha Yuricon mwaka 2000.

Ukosoaji wa kawaida ni kwamba hadithi nyingi zimejifungia shuleni. Wahusika hushangaa kwamba "sote ni wasichana", lakini hawatumii jina lolote kujiita, hawana wazazi wa kuwaeleza, hawaogopi kufukuzwa kazi wala kunyimwa nyumba. Ni ukosoaji wa haki kwa sehemu. Shule ya wasichana ya katikati ya maua ni mahali pazuri pa kuota, na wasomaji wengi wanataka kuota tu. Lakini ni rahisi kuandika mapenzi yasiyo na kikwazo mahali ambapo hakuna anayelipa kodi ya nyumba.

Baada ya shule

Tangu miaka ya 2010 zimeongezeka kazi zinazohusu wanawake wenye kazi na umri. Baadhi ya mifululizo ya shule imekua na wahusika wake: Yamada na Kase, wapenzi katika manga ya Hiromi Takashima iliyoanza mwaka 2010, walihitimu na kuhamia Tokyo kwa masomo, na hadithi ikawafuata huko. Mwaka 2016 Kabi Nagata alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe, kilichoanza kama kurasa alizoweka kwenye tovuti ya Pixiv, kuhusu upweke, ugonjwa wa kutokula na safari yake ya kumlipa mwanamke ili akumbatiwe. Si yuri kwa maana ya kawaida, kwani hakuna mapenzi yanayochanua, lakini wasomaji wa yuri walikipokea, na mwaka 2018 tafsiri yake ilipata Tuzo ya Harvey nchini Marekani kwa manga bora.

Sheria ya nchi imebaki nyuma ya hadithi. Wilaya ya Shibuya jijini Tokyo ilianza mwaka 2015 kutoa vyeti vya kuwatambua wenzi wa jinsia moja, lakini vyeti hivyo si ndoa. Mwezi Machi 2021 mahakama ya Sapporo iliamua kwamba kuwanyima ndoa wenzi hao kunakiuka katiba. Hukumu hiyo haikubadilisha sheria yenyewe.

Mwaka huohuo juzuu ya kwanza ya Tsukuritai onna to tabetai onna ("Mwanamke Anayetaka Kupika na Mwanamke Anayetaka Kula") ya Sakaomi Yuzaki ilitolewa. Nomoto hupenda kupika vyakula vingi lakini hawezi kuvimaliza. Kasuga, anayeishi jengo hilohilo, hula kwa hamu na bila aibu. Chakula cha jioni kinakuwa desturi, desturi inakuwa mapenzi, na Nomoto, mwanamke mzima mwenye kazi, anakaa peke yake na simu akitafuta kwenye intaneti jina la kile anachohisi. Shirika la utangazaji la taifa, NHK, liliifanya tamthilia ya televisheni mwaka 2022 na kuirudia kwa msimu wa pili mwaka 2024. Humo hakuna bweni, rozari wala mahafali. Wawili hao wanatafuta nyumba ya kupanga yenye jiko la kutosha.